Alama 91 Zilizomaliza Sungura

Ikiwa nyumbani kwako kuna kijana anayesoma sekondari na kuna runinga inayofanya kazi, bila shaka umewahi kuusikia ubishi huu. Mmoja anashikilia kwamba mchezo fulani wa video ni moto wa kuotea mbali kwa sababu wahakiki wameupa alama 91. Mwenzake anamjibu kwamba hao wahakiki wamekula hongo. Wa tatu, ambaye aghalabu hata zamu ya kucheza hajaipata, anasema mchezo wenyewe ni takataka na kwamba yeye angeupa 40, tena kwa huruma. Nawe mzazi, uliyekaa kitako kusubiri taarifa ya habari, unageuziwa macho na kuambiwa uamue.

Mimi nilipoambiwa niamue, nilibabaika. Nilisema maneno fulani kuhusu masomo na umuhimu wa kulala mapema, maneno ambayo sisi wazazi huyakimbilia tunaposhindwa na swali. Lakini baada ya yale yaliyompata mpwa wangu nimeona aibu kuendelea kulikwepa. Kwa hivyo leo, kwa ruhusa yako, tuache kwanza habari za karo na bei ya unga, tuzungumze juu ya alama hizi: hutolewa na nani, na je, ni za haki?

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, na ni mfugaji. Nyuma ya nyumba yao, pale palipokuwa pa kuanikia nguo, alijenga vizimba vya mbao na wavu, akaanza na sungura wawili aliopewa na nyanya yake. Mwenye kuwajua sungura hahitaji kuelezwa kilichofuata. Ilipofika likizo ya Agosti alikuwa na pesa za sungura saba mfukoni. Mimi nikamwongezea shilingi 1,000 kwa kuwa alikuwa amefanya vyema katika Kemia, na jumla ikatosha kununua mchezo mmoja wa PlayStation, mpya, bado umefungwa kwa nailoni. Mchezo wenyewe sitautaja jina.

Uamuzi wa kuununua haukufanywa kiholela. Alinijia na daftari alimokuwa amenakili majina ya magazeti na tovuti za Uingereza na Marekani, na mbele ya kila jina alama.

"Mjomba, tazama. Ukiwaweka pamoja, wastani ni 91. Mama anasema wewe Hisabati ulipata 38."

Nilimwambia aheshimu wakubwa, lakini moyoni nilivutiwa. Tukaenda mjini, tukanunua, tukarudi. Mashine yao ya kuchezea ni ya zamani kidogo, iliyonunuliwa mitumba na baba yake. Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha picha ikaanza kutetemeka, watu ndani ya mchezo wakawa wanapita katikati ya ukuta kama mizuka, na kabla ya nusu saa kwisha kila kitu kikaganda. Akazima, akawasha, kikaganda tena. Siku iliyofuata tulirudi dukani, na muuzaji akatuonyesha maandishi madogo chini ya risiti: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Akaongeza, kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi wote mkononi, kwamba mchezo huo umepata 91.

Njia nzima ndani ya matatu kijana hakusema neno. Mimi nilikuwa nikijiuliza: 91 hiyo ilitoka wapi?

Nambari moja kama hiyo mara nyingi hutoka katika tovuti ya Kimarekani iitwayo Metacritic, iliyoanzishwa mwaka 2001. Kazi yake ni kukusanya maoni ya wahakiki wengi juu ya mchezo mmoja, kuyageuza yote yawe alama kati ya mia moja, kisha kutafuta wastani. Anayetoa nyota nne kati ya tano huhesabiwa 80. Baadhi ya magazeti huhesabiwa kuwa na uzito zaidi ya mengine, lakini uzito wenyewe wenye tovuti hawautangazi. Mchezo ukipata 75 au zaidi hupakwa rangi ya kijani kibichi, kati ya 50 na 74 hupakwa manjano, chini ya hapo ni nyekundu kama taa ya barabarani.

Hadi hapo huenda huoni ubaya. Lakini tazama kwa makini. Kuna wahakiki ambao hawatoi nambari bali herufi, kama wafanyavyo walimu wetu. Katika jedwali la Metacritic, B- hugeuzwa kuwa 67, na C+, ile ile ambayo kwetu ndiyo kiwango cha chini cha kuingilia shahada ya chuo kikuu, hugeuzwa kuwa 58. Aliyeandika C+ pengine alikusudia kusema "si mbaya, una mahali pake". Ikifika upande wa pili inasomeka kama kijana aliyekesha disko usiku wa kuamkia mtihani.

Na filamu je? Tovuti hiyo hiyo huzipaka filamu rangi ya kijani kuanzia 61. Yaani sinema yenye 65 ni ya kupendeza, na mchezo wenye 65 ni wa mashaka. Sababu inajulikana na kila mchezaji: katika michezo ya video alama zimepanda juu kama bei ya sukari na hazijarudi chini. Katika nyumba nyingi za Nairobi mtoto akileta asilimia 70 atapikiwa chapati. Katika michezo, 70 ni msiba. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1996 Uingereza ilikuwa na jarida lililoitwa Amiga Power, lililoshikilia kwamba 50 ndiyo iwe ya wastani, kama hesabu inavyotaka. Baadhi ya watengenezaji walilichukia jarida hilo kama mwanafunzi anavyomchukia mwalimu anayesahihisha kwa haki.

Hapo ndipo lilipo kosa letu la kwanza, mimi na mpwa wangu. Tuliisoma ile 91 kama alama ya mtihani. Mtihani, msomaji, ni kitu kingine. Insha yako ya KCSE haisahihishwi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani na mapenzi yake. Wasahihishaji hukutanishwa, wakapewa mwongozo mmoja, wakasahihisha karatasi kadhaa kwa pamoja hadi wakubaliane 12 ni nini na 15 ni nini, kisha viongozi wao huzipitia tena baadhi ya karatasi. Unaweza kulalamika, lakini walau kuna kipimo kimoja. Wahakiki wa michezo hawajawahi kukutana popote kukubaliana 8 ni nini. Mmoja anapima hadithi, mwingine anapima jinsi gari linavyokata kona, wa tatu ameupenda muziki. Kuchukua nambari zao na kutafuta wastani ni sawa na kuwauliza watu kumi kuhusu chakula cha harusi, wengine wakasifu pilau na wengine wakaponda soda ya moto, halafu ukatangaza kwamba harusi ilikuwa 7.4.

Zamani mambo hayakufichwa hivyo. Mwaka 1984 lilianzishwa huko Ludlow, mji mdogo wa Uingereza, jarida lililoitwa Crash, la wenye kompyuta za ZX Spectrum. Wahakiki wake wengi walikuwa watoto wa shule wa pale pale mjini, waliocheza na kuandika baada ya masomo. (Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msije mkanilaumu kwamba sikuwaambia kazi hiyo iliwahi kuwapo.) Kila mchezo ulipewa maoni ya watu watatu, yamepangwa kando kando. Mmoja aliweza kuusifu na mwenzake akaukandia ukurasa ule ule, na asilimia zikafuata chini. Nao Wajapani walikuwa na Famitsu, jarida lililozaliwa mwaka 1986, ambamo wahakiki wanne kila mmoja hutoa alama kati ya 10, jumla ikawa 40. Miaka 12 ilipita kabla mchezo wowote haujapata 40 kamili. Wa kwanza ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998.

Sikusudii kusema wa kale hawakukosea. Mwaka 1994 jarida la Edge la Uingereza liliupa mchezo wa Doom alama 7 kati ya 10, na mhakiki akanung'unika kwamba laiti mchezaji angeweza kuzungumza na yale madubwana badala ya kuyapiga risasi tu. Hadi leo watu wanamcheka. Mimi simcheki sana. Aliandika alichokiona, na akatoa sababu, nawe unaweza kuisoma sababu hiyo ukasema: bwana huyu na mimi hatutafuti kitu kimoja.

Sasa tuje kwa lile la hongo, maana najua ndilo unalolisubiri.

Iko kesi moja inayojulikana na kila shabiki. Novemba 2007, mhakiki Jeff Gerstmann wa tovuti ya Kimarekani ya GameSpot aliupa mchezo uitwao Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10. Wakati huo huo tovuti ilikuwa imejaa matangazo ya biashara ya mchezo huo huo, yaliyolipiwa na kampuni iliyoutoa. Kabla ya mwezi kwisha Gerstmann alikuwa amefutwa kazi. Hakuruhusiwa kueleza kilichotokea hadi mwaka 2012, na alipofunguliwa mdomo alieleza kwamba wakubwa wa tovuti walikuwa wameshinikizwa na watangazaji waliokasirishwa na alama. Wenzake kadhaa walijiuzulu, na mwaka 2008 yeye na baadhi yao wakaanzisha tovuti yao, Giant Bomb.

Tazama jinsi hongo ilivyokaa hapo. Hapakuwa na bahasha iliyopitishwa chini ya meza. Palikuwa na mwajiri anayelipa mishahara kwa pesa za wale wale wanaohakikiwa. Na kwa kweli kisa hicho kinamtetea mhakiki zaidi ya kumshtaki, maana alitoa 6 yake akijua matangazo yako ukutani, na akalipa kwa kazi yake. Ndiyo maana kijana wa mtaani akiniambia "wote wamenunuliwa", huwa namwomba anitajie mmoja. Wengi wa wahakiki ni watu wenye kupenda michezo kupita kiasi, mshahara wao si wa kujengea nyumba, na kosa lao la kawaida ni upenzi. Ulafi si shida yao kubwa.

Lakini kuna njia ya kumpotosha hata mhakiki mwaminifu bila kumpa senti, nayo ni kumchagulia anachokiona.

Tarehe 10 Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa mchezo uliosubiriwa kwa miaka mingi, Cyberpunk 2077. Siku chache kabla, wahakiki walikuwa wamepewa nakala za kuonja, lakini zote zilikuwa za kompyuta, na waliambiwa wasitumie picha za video walizozirekodi wenyewe. Katika kompyuta nzuri mchezo ulipendeza. Sifa zikamiminika, wastani ukafika 90 na ushei. Kisha siku yenyewe ikafika, na watu wakauweka katika PlayStation 4 na Xbox One, mashine ambazo familia nyingi duniani ndizo zilizokuwa nazo, kwani PlayStation 5 ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu. Ukawa ni vioja. Mchezo ulikwama, ukazimika, nyuso za watu zikachelewa kujitokeza. Wiki moja baadaye Sony iliuondoa kabisa katika duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wateja pesa. Haukurejeshwa hadi Juni 2021. Wahakiki walipoipima ile nakala ya PlayStation 4, wastani wake uliangukia 57.

Hebu jiulize ni nani aliyedanganya. Mhakiki aliyesema 9 alicheza mchezo wa 9. Aliyenunua alinunua mchezo wa 5. Jina ni moja, jalada ni moja, tangazo ni moja. Nambari ilisafiri kutoka mashine moja hadi nyingine bila pasipoti. Nilipokisoma kisa hicho nilifunga macho nikaiona ile runinga ya dada yangu, na kijana ameshika kidude cha kuchezea mikononi asijue la kufanya. Nikamwita nikamwuliza: katika yale majina aliyoyanakili, ni wangapi waliocheza katika mashine kama yake? Alikwenda akarudi baada ya saa moja. Hakuna hata mmoja.

Msomaji mpole, usidhani anayeumizwa na nambari ni mnunuzi pekee. Waliotengeneza nao wana watoto wa kulisha.

Mwaka 2010 kampuni ndogo ya Obsidian, ya California, ilitengeneza mchezo uitwao Fallout: New Vegas kwa niaba ya kampuni kubwa ya Bethesda. Ulitoka mwezi wa Oktoba ukiwa na hitilafu nyingi, kwa hilo hakuna anayebisha, lakini hadithi yake ilikuwa na kina ambacho wachezaji wanakizungumzia hadi leo. Mwezi wa Machi 2012, Chris Avellone, mmoja wa wakubwa wa Obsidian, alieleza hadharani mapatano yalivyokuwa. Walilipwa kiasi kilichokubaliwa, basi. Hawakuwa na fungu katika mauzo. Kulikuwa na bonasi, ila kwa sharti kwamba mchezo ufike 85 katika Metacritic.

Ulipata 84.

Soma tena, kisha fikiria jinsi alama hiyo moja inavyoweza kupatikana au kupotea. Pengine mhakiki mmoja aliyetoa nyota tatu na nusu alikuwa karibu kutoa nne. Pengine mwingine aliandika B akiwa na maana ya "nzuri sana", jedwali likaisoma 75. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba anakaa kwenye kiti cha karani wa mishahara. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo haki inapovunjika, na anayeivunja ni yule mwenye pesa aliyechukua maoni ya watu na kuyafanya kuwa mizani ya kupimia jasho la wengine. Mhakiki ninamwondolea lawama. Na ujue kwamba tabia hiyo haikwisha. Wale wa Cyberpunk nao walikuwa wamewekewa bonasi iliyofungamana na kufikisha 90. Tofauti ni kwamba baada ya yale maafa wakubwa wa kampuni waliamua kuwalipa wafanyakazi hata hivyo.

Mpwa wangu alipoyasikia haya alikuwa na jibu tayari, na naona ni jibu la vijana wengi. "Basi mjomba, wahakiki waondoke. Wachezaji wenyewe ndio watoe alama."

Ningelikubali, kama nisingalisoma habari za Juni 2020. Tarehe 19 ya mwezi huo ulitoka mchezo wa The Last of Us Part II. Wahakiki waliupa 93. Wachezaji walifurika Metacritic siku ile ile na kuutandika sufuri kwa maelfu, wastani wao ukashuka hadi chini ya 4 kati ya 10. Mchezo huo huchukua zaidi ya saa 20 kuumaliza. Wengi walikuwa wakihukumu kitabu kabla gundi ya jalada haijakauka, kwa hasira juu ya mhusika fulani na mambo waliyoyasikia kwa wenzao. Mwezi wa Julai tovuti ikaweka kanuni kwamba mchezaji asubiri saa 36 tangu mchezo utoke kabla ya kutoa alama. Wenye duka la Steam wana njia nyingine ninayoipenda zaidi. Kando ya kila maoni huonyeshwa mwandishi amecheza saa ngapi. Anayesema "upuuzi mtupu" baada ya dakika 12 humjua hapo hapo.

Tena mashabiki hao hao wanaodai haki, mtazame mhakiki anayediriki kusema tofauti na wao. Mwaka 2017 karibu dunia nzima ilikubaliana kuupenda mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild. Mhakiki mmoja Mwingereza akaupa 7 kati ya 10, na akaeleza kwa nini. Wastani wa mchezo ulishuka kutoka 98 hadi 97. Kwa kosa hilo alitukanwa, na tovuti yake ikashambuliwa hadi ikazimika. Kumbuka, 7. Mtoto wa chapati. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wakitafuta ukweli kuhusu mchezo, kwani wengine wao hawakuwa hata wameucheza. Walitaka kuambiwa kwamba wanachokipenda ni bora, na wakaambiwa ni kizuri tu.

Yako magazeti yaliyojaribu kujitoa katika vurugu hizi. Eurogamer ya Uingereza iliacha kutoa alama mwaka 2015, ikabaki na maelezo. Miaka minane baadaye ikazirudisha, safari hii kwa nyota tano. Wengine walisema imeshindwa. Mimi naielewa. Mzazi aliyesimama dukani Desemba, mtoto anamvuta shati na foleni ni ndefu, hana nafasi ya kusoma kurasa tatu. Ataitafuta nambari, na asipoipata kwako ataipata kwa jirani. Hivyo siwezi kukwambia uzitupe alama. Hata mimi nikikusudia kununua sufuria huuliza watu wangapi wameisifu.

Aliyenisaidia kulitazama jambo hili vizuri ni binti yangu, ambaye michezo ya video haimhusu ndewe wala sikio. Yeye ni wa tamasha za drama shuleni. Jumapili moja tukiwa mezani, mpwa wangu akilalamika tena kuhusu ile 91, binti aliweka kijiko chini.

"Baba, sisi tukimaliza kuigiza, jaji hasemi nambari tu akaenda zake. Anasimama mbele yetu anatwambia: sauti ya mfalme haikufika nyuma, mapambo yaliziba mlango. Mwaka juzi tulikuwa wa nne. Nambari niliisahau. Lakini ile ya mlango tuliirekebisha."

Mpwa wangu akasema drama si PlayStation. Binti akasema hiyo ni kweli, maana drama haigandi. Ilibidi niwatenganishe.

Hata hivyo nimeona daftari limebadilika. Zamani lilikuwa na safu mbili, jina na alama. Sasa kuna safu ya mashine aliyotumia mhakiki, safu ya kama aliumaliza mchezo au la, na safu ndefu kuliko zote aliyoiandikia "alichokichukia". Ameniambia hii ya mwisho ndiyo yenye faida. Mhakiki mmoja aliuponda mchezo fulani wa mpira kwa sababu hauna hadithi na ni mechi baada ya mechi tu, akaupa 6. "Mjomba, mimi nataka nini? Si mechi baada ya mechi?" Kuna mwingine ambaye ladha yao ni mbalimbali kabisa, kiasi kwamba akisifu kitu kijana hukipiga mstari. Anamsoma kila wiki, na anasema ndiye mhakiki anayemwamini zaidi.

Ule mchezo wa sungura saba bado uko juu ya kabati. Kampuni yake imeutolea marekebisho mara kadhaa, na rafiki yake mwenye mashine mpya alikuja akauazima, akaurudisha akisema ni mtamu ajabu, kwamba hata 95 unastahili. Mpwa wangu alimtazama kwa muda, kisha akamwomba aandike hayo katika daftari, pamoja na aina ya mashine.

Wikendi iliyopita nilipita kwao. Vizimba vina sungura wanne, na mmoja ana mimba. Aliniuliza kama shilingi 1,000 za Kemia bado zipo. Nikamwambia mwalimu kwanza aniletee maelezo, alama peke yake siku hizi sipokei.